KWA NINI KANSA HUCHELEWA KUONEKANA



Mwaka 1927 wanawake watano wa New Jersey, Marekani, waliishtaki kampuni iliyokuwa imewaajiri kupaka rangi ya radiumu kwenye nyuso za saa ili zing'ae gizani. Walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo, na hivyo kila siku wakameza radiumu kidogo kidogo. Kampuni ilijitetea kwamba wamechelewa: sheria ya huko iliruhusu madai ndani ya miaka 2 tu, nao waliacha kazi zamani. Shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1928.

Neno hilo, "umechelewa", wafanyakazi wengi wamelisikia. Jibu lake limo maabarani.

Wataalamu huchukua kipande cha ngozi, wakatenganisha seli zake na kuziotesha katika visahani vyenye maji ya chakula. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha hukoma. Zikipigwa eksirei, nyingine hufa, nyingine hujitengeneza. Ni nadra sana kugeuka kuwa kansa. Seli za panya hugeuka kwa urahisi zaidi.

Ndani ya seli mna jeni, yaani maagizo ya kazi. Mwaka 1982 iligunduliwa katika kansa ya kibofu cha mkojo kwamba jeni iitwayo ras ilikuwa imebadilika herufi moja tu. Ni kama swichi ya mashine iliyokwama: amri ya kugawanyika haizimiki. Jeni ya namna hiyo huitwa onkojeni. Hata hivyo, ukiitia peke yake katika seli nzima ya binadamu, seli husimama badala ya kukua ovyo. Mwili una breki zake, tushukuru.

Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitumia seli za ngozi ya binadamu ambazo jeni za virusi zilikuwa zimekwisha kuziondolea ule ukomo. Walipozipiga mionzi, zikageuka, na zilipotiwa katika panya zikaota uvimbe. Mwaka 1999 kundi la Robert Weinberg lilipata matokeo kama hayo bila mionzi, kwa kuunganisha ras na jeni nyingine chache.

Basi kufuli ni kadhaa. Mionzi huweza kuvunja moja leo, na nyingine zikavunjika miaka mingi baadaye. Huko Hiroshima na Nagasaki kansa ya damu ilianza kuongezeka miaka michache baada ya 1945, lakini uvimbe wa viungo vingine ulichukua miaka 10 na zaidi.

Ndiyo maana Mkataba Na. 139 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unataka wafanyakazi wapimwe afya wakiwa kazini na pia baada ya kuacha kazi, na kumbukumbu zitunzwe. Ulizeni chamani kama nchi yenu imeuridhia. Na kila avaaye beji ya kupimia mionzi adai nakala ya vipimo vyake, aiweke nyumbani, hata siku atakayostaafu.