Utamu wa halua, jasho la Pangani

Muscat, iwe Ghala, Ruwi au Muttrah, mgeni hukaribishwa kwa halua na kahawa. Waswahili wa Omani wanaijua sawasawa: sukari, wanga, samli, zafarani, hiliki na maji ya waridi, vikikorogwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa ya shaba. Harusi na Idi haziendi bila yake. Lakini ni nadra mtu kuuliza sukari ya zamani ilitoka wapi, na nani aliyeilima.

Sehemu ya jibu iko Pangani, kwenye pwani ya Tanzania. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, kingo za Mto Pangani zilijaa mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili, wengi wao wakiendesha kazi kwa mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi. Watumwa walikata miwa, wakaikamua na kuchemsha maji yake motoni hadi yakawa sukari guru, iliyosafirishwa kwa majahazi kwenda Unguja na Arabuni. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi, wakatoroka na kujijengea kijiji chenye ngome. Abushiri bin Salim, anayekumbukwa kwa kupigana na Wajerumani hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889, naye alikuwa na shamba la miwa. Ushujaa wake ni wa kweli, na watumwa wake pia ni wa kweli. Historia ya pwani haina budi kuyabeba yote mawili.

Nani wa kuyaonyesha haya? Wasanii wamekwisha kuonyesha njia. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza, mwaka 2007 alichukua sahani, bakuli na majagi ya kale 100 akayachora upya kwa maonyesho ya mjini Lancaster, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa. Juu ya vyombo vya mezani alichora nyuso za watumishi weusi na za matajiri walafi, wengine wakitapika. Mtazamaji analazimika kukumbuka chakula kile kilimgharimu nani. Miaka 10 baadaye Himid akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya sanaa ya Turner.

Mmarekani Kara Walker alikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014, ndani ya kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino huko Brooklyn, alisimamisha sanamu kubwa mno ya mwanamke mweusi mwenye umbo la simba, imefunikwa sukari nyeupe. Pembeni yake zilikuwapo sanamu za watoto wabeba vikapu, baadhi yake za sukari iliyochemshwa, na joto likaziyeyusha hizo siku hata siku mbele ya macho ya watu.

Pangani na Muscat bado zinangoja maonyesho yao. Mtaa wa Ghala, pamoja na karakana na mabohari yake, una nafasi ya kutosha kuweka sufuria ya halua, kinu cha miwa na majina ya mashamba ya Pangani chini ya paa moja. Wenye kumbi na makumbusho ya Omani na Tanzania washirikiane, na wazee wa pande zote mbili waulizwe sasa, wangali hai.