Mtihani wa Wingu na Fedha za Kikoba

Wiki iliyopita msikilizaji mmoja alinisimamisha sokoni Tandika akaniuliza: hawa vijana wanaokesha na kompyuta wakisomea "mtihani wa wingu", huko winguni wanatafuta nini? Nilicheka, kisha nikaona haya. Nyumbani kwa dada yangu, si mbali na soko hilo, yupo binti anayeusomea mtihani huo, na mimi mjomba wake sijawahi kumwuliza. Basi nikaenda.

Kwanza wingu lenyewe. Si wingu hata kidogo. Ni kompyuta nyingi zilizopangwa katika jengo la mtu mwingine, nawe unazikodi kwa njia ya intaneti. Mwenye debe la mahindi kule Mbagala hanunui mashine ya kusaga; anapeleka mashineni, analipa kwa kilo, anarudi na unga wake. Kampuni ya Amazon ya Marekani ni mmoja wa wenye mashine hizo, na tangu 2020 ina majengo ya namna hiyo Cape Town, Afrika Kusini. Mwenye biashara hupeleka huko kumbukumbu za mauzo yake. Kuzipokea kumbukumbu hizo, kuzisafisha, kuzihifadhi na kuziuliza maswali ndiyo kazi anayopimwa mtahiniwa.

Mpwa wangu alianza kwa mguu mbaya. Rafiki yake alimpa kurasa za kitabu cha zamani, akazisoma miezi mitatu, ndipo akagundua kwamba mtihani ule wa uchambuzi wa data ulikwisha futwa tangu Aprili 9, 2024. Ulikuwa wa dola 300 na dakika 180. Machi ya mwaka huohuo ulikuwa umekwisha anzishwa mwingine, wa uhandisi wa data: dola 150, maswali 65, dakika 130, na alama ya kufaulu ni 720 katika 1,000. Mengi aliyoyasoma yalimfaa bado, lakini mwongozo wa mtihani hutolewa bure na Amazon wenyewe, na ndio unaostahili kusomwa siku ya kwanza. Humo imeandikwa kwamba kupokea na kugeuza data ni asilimia 34 ya alama, maghala ya data 26, uendeshaji 22, na usalama 18.

Nikamwambia anipe swali moja. Akanipa hili: kampuni ina kumbukumbu za miaka kumi ghalani, na meneja huziuliza maswali mara mbili tu kwa mwezi. Ufanye nini kwa gharama ndogo? Zipo njia nne, na zote zinafanya kazi! Hapo ndipo penye mtego. Mtu anaweza kukodi Redshift, ghala kubwa la maswali, likae likimngoja meneja mwezi mzima. Au atumie Athena, ambayo huuliza palepale data ilipolala na kutoza kwa kiasi cha data iliyosomwa. Jibu ni Athena, lakini si hivihivi.

"Mjomba, fikiria daftari la duka," akaniambia. "Ukitaka jumla ya sukari peke yake, kwa nini usome na sabuni na mafuta ya taa?" Ndiyo maana data hupangwa kwa safu za kusimama badala ya mistari ya kulala, mashine husoma safu moja tu, na bili hushuka. Nilielewa, mimi niliyepata alama ya chini ya hesabu.

Kwa hiyo kukariri majina ya huduma hakutoshi. Lazima mtu afungue akaunti na kujaribu kwa mkono wake, na hapo nawaonya wazazi. Kwa LUKU, fedha ikiisha umeme unakatika. Huku si lazima kikatike: ukisahau kuzima kile ulichokodi, bili inaweza kuendelea usiku na mchana. Binti alisahau mara moja, siku mbili. Tangu hapo ameweka onyo la matumizi kabla ya kugusa kitu kingine.

Jambo jingine ni lugha. Mtihani haupo kwa Kiswahili. Lakini anayeufanya kwa Kiingereza, na Kiingereza si lugha yake ya kwanza, anaweza kuomba dakika 30 za nyongeza, bila malipo, mradi aombe kabla ya kujiandikisha. Dakika 130 zinakuwa 160. Wengi hawaombi, wengine kwa kutojua, wengine kwa kiburi, na sisi Watanzania kiburi cha Kiingereza tunacho.

Mtihani unaweza kufanywa nyumbani mbele ya kamera. Chumba kiwe kitupu, asiingie mtu, asisome maswali kwa sauti. Nyumba ya dada yangu ina wapangaji sita, ua mmoja, na fundi wa redio mlangoni. Juu ya hayo, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima ilihangaika na intaneti. Ushauri wangu ni kupanda daladala na kwenda kituo cha mitihani, na jina la kujiandikishia lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho.

Yeye alikwenda kituoni, lakini nyongeza ya dakika hakuiomba. Maswali tisa ya mwisho aliyajibu kwa kubahatisha. Alipata 694.

Sheria inamtaka angoje siku 14, na ada hulipwa upya, yote. Kwa viwango vya miaka hii dola 150 ni zaidi ya shilingi 350,000, na zile za kwanza mama yake alizikopa kwenye kikoba, anazirudisha kwa vitumbua vya asubuhi. Nilipokuwa naaga, dada alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza kama kweli hicho cheti kina kazi nyuma yake. Nikamwambia nisichokijua sitamdanganya. Ninachokijua ni kwamba kinadumu miaka mitatu, na kwamba mwanawe alinifundisha safu na mistari kwa robo saa.

Kikoba kinakutana Jumapili. Binti ameshatuma maombi ya zile dakika 30.