Mawe Yaliyojenga Dola: Vinara wa Uchimbaji katika EVE Online

Mwishoni mwa Desemba 2020, katika mfumo wa nyota uitwao M2-XFE, meli 257 za daraja la Titan ziliteketea katika pambano moja la EVE Online, gemu ya kampuni ya CCP ya Iceland. Guinness World Records wakaliandika kuwa pambano la gemu lililoteketeza mali ya thamani kubwa kuliko yote: dola 378,012 za Marekani. Sifa zilikwenda kwa makamanda. Mimi nawavulia kofia wachimbaji, maana kila bati la meli zile lilianza kama jiwe ambalo mtu alilikata kwa leza, akalibeba na kulichenjua.

Jiwe linalopatikana kwa wingi kuliko yote ni Veldspar, na wageni hulidharau kwa sababu hiyo hiyo. Wanakosea sana. Likichenjuliwa hutoa Tritanium, madini yanayoliwa na karibu kila meli, kuanzia ya mwanafunzi hadi Titan. Mchezaji ajulikanaye kama Chribba alilipenda hadi akaifungia Revelation, meli kubwa ya kubomolea ngome, leza za kuchimbia, akaibatiza Veldnaught. Sijui mchimbaji mwenye jina kubwa kuliko lake.

Upande wa pili yupo bingwa wa uadimu, Mercoxit. Leza za kawaida haziligusi, na madini yake ya Morphite ndiyo yanayotafutwa kwa vifaa vya daraja la pili. Lakini jiwe lenyewe hupatikana mbali, kusikokuwa na polisi. Huko mchimbaji mzuri halikodolei macho jiwe. Macho yako kwenye orodha ya majina ya waliomo ndani ya mfumo. Meli ameshaielekeza bandarini, inatambaa taratibu huku leza zikila mwamba. Jina geni likijitokeza, anaruka palepale, hata kama shehena haijafika nusu. Anayesubiri jiwe liishe hurudi nyumbani bila meli.

Kwa meli, mataji yamegawanywa tangu 2012: Hulk kwa kasi ya kuchimba, Mackinaw kwa tumbo la mzigo, Skiff kwa ugumu. Wengi hukimbilia Hulk. Lakini Hulk ni meli ya kundi, yenye mtu wa kupokea mawe na mtu wa kulinda. Anayechimba peke yake mahali penye wavamizi achukue Skiff, na apuuze kelele za wanaohesabu mavuno kwa dakika.

Rorqual ndiyo jitu la meli za kuchimba. Ilipopewa droni zake kubwa za kuchimba mwaka 2016, madini yalifurika sokoni na Titan zikajengwa kwa wingi usiowahi kuonekana, hadi CCP wakalazimika kuibana.

Taji la subira linakwenda kwa uchimbaji wa miezi, kama ulivyopangwa upya Oktoba 2017. Kiwanda kinachoelea angani huvuta kipande cha mwezi kwa siku 6 hadi 56. Kikishafika, mwenye kiwanda ana saa tatu za kukilipua mwenyewe, la sivyo kinapasuka chenyewe, na mawe yakitawanyika hayakai muda mrefu. Hapo ndipo naiona akili ya kiongozi wa muungano: anahesabu kurudi nyuma, ili kipande kifike jioni ambayo watu wake wako kazini na walinzi wako macho.