Mito ya barazani na koga ya masika

Hapa Kyela mvua za masika hushika kuanzia Machi hadi Mei. Ndipo mito ya viti vya barazani huingizwa ndani, ikafungwa kwenye nailoni na kurundikwa nyuma ya mlango. Wiki chache baadaye inanuka uvundo na ina madoa meusi. Hiyo ni koga, nayo ni aina ya fangasi.

Tatizo ni unyevu uliofungiwa ndani. Koga hutosheka na unyevu, vumbi, jasho na punje za ubwabwa. Chembe zake huruka hewani, na mtoto mwenye pumu akizivuta anaweza kubanwa na kifua.

Basi, kabla ya kuhifadhi, vua foronya uzifue. Anika sponji juani, kisha ibonyeze katikati. Ukihisi ubaridi, bado haijakauka. Panga mito juu ya chaga, mbali na ukuta, uifunike kwa shuka kuukuu, si nailoni. Jua likichomoza, itoe uianike tena.

Koga iliyoota juu isugue nje kwa sabuni, huku umejifunika pua na mdomo. Ikishapenya ndani ya sponji, itupe. Miswala nayo ianikwe, maana pua na paji la uso hugusa hapo kila sijida.

Mtoto anayekohoa au kutoa mlio kifuani kila masika, mpeleke zahanati. Usingoje kiangazi.