Je, Wajua? Glakoma huanza kuiba uoni wa pembeni

Mtu mwenye glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, anaweza kusoma hadi mstari wa mwisho kwenye ubao wa kupimia macho, na bado asiione bodaboda inayomjia ubavuni. Aina iliyoenea zaidi Afrika, ya pembe wazi, haiumi wala haifanyi jicho kuwa jekundu. Huua polepole nyuzi za mshipa wa fahamu wa jicho, ambazo ni takriban milioni 1. Ubongo huziba mapengo, hivyo mgonjwa haoni giza lolote. Uoni uliopotea haurudi. Dawa za matone za kila siku hulinda uliobaki. Umefikisha miaka 40, au ndugu yako anaugua? Kapimwe presha na mshipa wa jicho, hata kama unaona vizuri.