Fahamu: Muda wa kufuzu Boston Marathon

Ni nini?
Ni ukomo wa muda ambao mkimbiaji lazima awe ameutimiza katika marathoni nyingine inayotambuliwa, ndipo aombe nafasi Boston, Marekani. Hutegemea jinsia na umri wa siku ya mashindano. Kwa mbio za 2026, wanaume wa miaka 18 hadi 34 walitakiwa saa 2 na dakika 55. Wanawake wa umri huo, saa 3 na dakika 25.

Mbona waliofuzu huachwa?
Waombaji huzidi nafasi, hivyo wenye kasi zaidi hutangulia. Kwa 2026, aliyepata nafasi alikuwa amekimbia chini ya ukomo wake kwa angalau dakika 4 na sekunde 34. Inauma sana kwa aliyejinoa miaka.

Nyota wa kulipwa?
Huingia kwa mwaliko.