Chokea Iliyorudi Mara ya Tatu

Chokea ikiota kwenye kope, wengi wetu hapa Musoma huikanda kwa maji ya moto, nayo hupona. Hiyo haina shida. Ninayoiogopa ni ile iliyopona ikarudi palepale, ikapasuliwa, ikarudi tena, huku nywele za kope zikipukutika hapo ilipoota. Ndani ya kope mna tezi ndogondogo za mafuta. Saratani ya tezi hizo hupenda kope ya juu, na hufanana na chokea kiasi cha kumdanganya hata daktari. Ikitibiwa kwa dawa ya kupaka miezi na miezi, hupata nafasi ya kufika kwenye mitoki iliyo mbele ya sikio.

Kwa hiyo uvimbe ukikatwa, uliza: kinyama kinapelekwa maabara? Kikitupwa kwenye ndoo ya taka, jibu limekwenda nacho.

Saratani nyingine za kope huanzia kwenye ngozi. Ipo inayoanza kama kipele chenye kingo zinazong'aa na kidonda katikati. Hula polepole na ni nadra kusambaa, ila ikiachwa huchimba hadi kwenye tundu la jicho. Ipo pia yenye magamba, inayokua haraka na kufuata mitoki.

Jua ndilo mchochezi mkubwa wa saratani hizi za ngozi. Musoma iko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya ziwa hurudisha mwanga usoni. Mama anayeanika dagaa mchangani akiwa na kofia bado hupigwa na mwanga huo kutoka chini. Anayeumia zaidi ni mwenye ualbino, kwa kuwa ngozi yake ina upungufu wa rangi inayoikinga. Akipalilia pamba Bunda au akichunga ng'ombe Butiama na kidonda kikamtoka kwenye kope, asiambiwe asubiri mavuno.

Saratani hizi zikiwahiwa, nyingi hupona kwa kukatwa pamoja na ukingo wa nyama nzima. Kisha kope hujengwa upya, pengine kwa ngozi ya shavu au ya kope ya pili. Iliyochelewa huweza kuhitaji mionzi, na safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Baada ya hapo mgonjwa hurudi kliniki kwa miaka kadhaa. Kila mara daktari huipindua kope, huangalia kovu, kisha hupapasa mbele ya sikio na chini ya taya.